Fremu ya mbao ya meko sebuleni: niipige rangi gani iendane na chumba?

JengoKileleshwa: Wadau, naomba ushauri. Sebule ya nyumba ya zamani hapa Kileleshwa ina meko ya ukutani, fremu yake ni mahogani yenye vanishi nyekundu iliyokolea. Kuta ni krimu, sakafu ni mbao za rangi ya asali, madirisha yanatazama kusini. Fremu inakifanya chumba kiwe kizito. Nyeupe tupu itafaa? Joto halitaibambua? Nataka nimalize kabla ya baridi ya Julai.

MsasaNaBrashi: Nyeupe tupu iache. Kando ya krimu itaonekana ya kibuluu, na kuta zitaonekana chafu. Juni na Julai jua letu liko kaskazini, kwa hiyo chumba chako hakipati mwanga wa moja kwa moja, na ubaridi wa rangi utazidi. Tafuta nyeupe iliyoelekea krimu, au rangi ya kuta ikikolezwa kidogo. Paka kipande cha ubao rangi hiyo mikono miwili, yaani tabaka mbili, kisimamishe kando ya meko, ukitazame saa nne asubuhi na tena usiku taa zikiwaka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo mahogani. Tanini yake, yaani rangi ya asili iliyo ndani ya mbao, hupenya rangi ya maji ikaacha madoa ya kahawia, hata ukipiga mikono mitatu. Dawa yake ni praima ya shelaki, yaani rangi ya chini inayoziba madoa. Hukauka ndani ya saa moja hivi, na brashi huoshwa kwa spiriti. Mvuke wake unashika moto, kwa hiyo fungua madirisha na meko yawe baridi kabisa.

FundiMbao: Kabla ya praima, usafi. Fremu ya meko ina masizi na nta ya kung'arishia samani, na vyote viwili hukataa rangi. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, iache ikauke, kisha ifute kwa kitambaa chenye tapentaini. Piga msasa namba 120 mpaka mng'aro upotee. Si lazima vanishi yote itoke. Mashimo yazibe kwa puti ya mbao. Ukikuta rangi ya zamani chini ya vanishi, usiisage kavu, huenda ina risasi, ile metali yenye sumu: lowesha, vaa barakoa, watoto wakae mbali.

JengoKileleshwa: Asanteni sana. Fundi wangu anapendekeza glosi ya mafuta, ile rangi yenye mng'aro mkali. Na ninunue kiasi gani?

MsasaNaBrashi: Glosi ya mafuta ni ngumu, kweli, lakini nyeupe yake hugeuka manjano, hasa penye mwanga hafifu kama kwako. Chukua satini ya maji, yenye mng'aro wa wastani, ile ya mbao. Kwa fremu isiyozidi mita 3 za mraba, lita 1 inatosha mikono miwili. Anza na nakshi kwa brashi ndogo, sehemu bapa kwa rola ya sponji, na msasa 220 kati ya mikono.

FundiMbao: Kuhusu joto, pima: mbao iwe angalau inchi 6 kutoka kinywa cha meko. Ikiwa karibu zaidi, rangi itatoka malengelenge na mbao yenyewe inaweza kushika moto. Hapo weka vigae au jiwe kwanza. Usiwashe kuni ili rangi ikauke upesi, maana ngozi ya juu hukaza chini kukiwa bado kubichi, kisha hupasuka. Ngoja wiki mbili hivi, na vinara na picha usivirudishe juu ya rafu kabla ya hapo, vitanata.