Ushirika wa umeme vijijini Marekani: ziada inakwenda wapi, na kwa nini taa huzima mara tatu kabla ya giza?

MwanachamaMpya:
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaovijua vyama vya ushirika vya umeme vya vijijini Marekani. Bili ina tozo ya mwezi isiyobadilika, hata mita isiposoma uniti moja. Taarifa ya mwaka inaonyesha ziada iliyoandikwa kwa jina la mwanachama, lakini hela yenyewe hailipwi. Halafu upepo ukivuma, taa huzima na kuwaka mara mbili tatu, kisha giza moja kwa moja. Huo ni ubovu wa transfoma?

MhasibuUshirika:
Nianze na tozo, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Nguzo, waya, transfoma na mita vina gharama ile ile, utumie uniti 1 au 2,000. Vyama hivi vina wastani wa wateja wapatao 8 kwa maili moja ya laini. Kampuni za wenye hisa, zilizochukua miji, zina zaidi ya 30. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyozifanya kampuni zisitake kwenda vijijini. Rais Franklin Roosevelt alipounda REA, shirika la serikali la kusambaza umeme vijijini, mwaka 1935, takriban shamba 1 tu kati ya 10 lilikuwa na umeme. Sheria ya 1936 ikawezesha mikopo ya serikali ya riba nafuu, wakulima wakaunda vyama na kujijengea laini. Mpaka leo nyumba ni chache na laini ni ndefu, kwa hiyo kila mmoja anabeba kipande kikubwa zaidi.

Kuhusu ziada: mapato ya mwaka yakitolewa gharama, kinachobaki hugawanywa kwa kadiri kila mwanachama alivyonunua umeme. Tuseme mapato ni dola milioni 20 na ziada ni milioni 1. Hiyo ni senti 5 kwa kila dola, hivyo aliyelipa dola 1,800 anaandikiwa dola 90. Kuandikiwa si kulipwa. Fedha hiyo imeshageuka nguzo na transfoma, na imepunguza mkopo ambao chama kingelipia riba. Bodi huirejesha baada ya miaka mingi, aghalabu kwa kuanza na ya zamani, pale ambapo hali ya mtaji na masharti ya wakopeshaji yanaruhusu. Mzunguko wa miaka 20 au zaidi si wa ajabu.

Watu hupoteza haki yao kwa jambo dogo: wanahama bila kuacha anwani mpya. Deni la chama kwako haliishi kwa kuhama, lakini hundi itakwenda nyumba ya zamani. Na mwanachama akifariki, warithi wapeleke cheti cha kifo na hati za mirathi ofisini. Vyama vingi hulipa warithi mapema, ila baadhi hukata sehemu kwa sababu wanalipa kabla ya wakati. Soma masharti ya chama chako.

FundiLaini:
Transfoma yako haina kosa. Kwenye laini kuna kifaa ambacho mafundi wanakiita rikloza. Tawi likigusa waya, rikloza inakata, inasubiri kidogo, inarudisha umeme. Hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita, tawi linaanguka chini na mambo yanaisha. Mpangilio wa kawaida ni mikato 4: miwili ya haraka, miwili ya polepole. Ile ya haraka inalinda fyuzi isiungue bure. Hitilafu ikibaki, ile ya polepole inaipa fyuzi ya tawi la laini muda wa kuungua, na wa tawi hilo tu ndio wanabaki gizani. Hitilafu ikiwa kwenye laini kuu, rikloza ikikata mara ya nne hairudishi tena, na eneo zima linazimika mpaka fundi afike.

Kwa hiyo ukipiga simu, sema taa zilizima mara ngapi na kama jirani ana umeme. Taarifa hizo mbili zinampunguzia fundi maili nyingi za kutafuta. Kabla ya kupiga, angalia swichi kuu yako.

Dalili moja usiisubirie: baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia. Huo ni waya wa nyutro, ule wa katikati unaozigawa volti za nyumba nusu kwa nusu, uliokatika au kulegea. Volti 240 zinagawanyika vibaya badala ya 120 kwa 120, na friji au televisheni inaweza kuungua. Zima swichi kuu, ndipo upige simu.

MwanachamaMpya:
Asante sana. Na jenereta, naweza kuichomeka kwenye soketi ya ukutani wakati nasubiri?

FundiLaini:
Hapana, ndugu yangu, kamwe. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Laini nyingi za vijijini ni volti 7,200 kwa nyumba ya 240, uwiano wa 30 kwa 1. Volti 240 za jenereta yako zinapanda nguzoni zikiwa 7,200, na fundi ameshika waya anaodhani umekufa. Tumia swichi ya kuhamishia, inayoitenga nyumba na laini wakati jenereta inawaka, iliyowekwa na fundi umeme mwenye leseni, au tumia waya wa kurefusha moja kwa moja kutoka kwenye jenereta hadi kwenye kifaa. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi.

MamaBodi:
Niongeze la jamii. Vyama vingi vina mpango wa kujazia bili, ulioanzishwa na Palmetto Electric ya South Carolina mwaka 1989. Bili ya dola 86.40 inakuwa 87, na senti 60 zinakwenda kwenye mfuko wa misaada. Kwa mwaka haiwezi kuzidi dola 11.88 kwa mtu. Uliza kama umeingizwa tayari au unatakiwa kujiandikisha.

Na tozo ikikukera, mahali pa kuisemea ni mkutano mkuu wa mwaka. Kila mwanachama ana kura moja, mwenye kiwanda cha kupasua mbao na mwenye taa mbili sawasawa. Angalia kwenye masharti tarehe ya mwisho ya kupendekeza majina ya bodi, kwa kuwa huwa inapita wiki kadhaa kabla ya mkutano wenyewe.