Uzinduzi wa kitabu cha safari za Ruaha: nipange vipi sherehe yenye utamaduni?

Mpenda Tandala: Wakuu, habari zenu. Kitabu changu cha safari za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kimetoka kwa mchapaji, nami nataka kukizindua kwa sherehe ya asili. Marafiki wanashauri nipambe ukumbi kwa ngozi na pembe, na kikundi cha ngoma kikae mlangoni wageni wapige picha. Moyo unasita. Ruaha niliyoiandika ni ya kiangazi, mto umekatika, tembo wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yachomoze, swala wamesimama pembeni wakingoja zamu. Tangu 1993 mto ule hukauka hivyo ndani ya hifadhi, maana kule bonde la Usangu, mto unakotokea, maji mengi huishia mashambani. Nataka mgeni aondoke analijua hilo. Nifanyeje?

Babu Kanda ya Kati: Ngozi na pembe achana nazo kabisa, mkuu. Hizo ni nyara za serikali. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukutwa nazo bila hati ni kosa, hata kama umeziazima kwa mzee wako. Picha zako zichapishe kubwa, zitundike.

Dada Zeze: Ngoma mlangoni ni pambo tu, watu wanaipita wakitafuta viti. Idodi na Pawaga, jirani kabisa na hifadhi, wapo Wahehe, Wagogo, Wamasai na Wabarabaig. Alika wasanii wa huko. Kina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, hakuna atakayeshika simu. Wape muda wao ukumbi ukiwa umetulia, na kiongozi wao aeleze wanaimba nini. Wakimaliza, wewe soma ile ya tembo na mchanga. Kurasa mbili zinatosha.

Mpenda Tandala: Asante sana dada, nawe mzee wangu shikamoo. Basi wa kukata utepe nimeshampata: askari aliyenitembeza porini kwa miguu. Ndiye aliyenifundisha kuwatofautisha wale swala waitwao tandala, na Ruaha aina zote mbili zipo: tandala mkubwa ana ndevu shingoni, tandala mdogo hana, ila ana mabaka mawili meupe kooni. Sura nzima ya tatu ni macho yake. Nafikiria Agosti.

Babu Kanda ya Kati: Marahaba. Agosti hutampata, wageni wamejaa na kazi imepamba moto. Fanya Aprili, mvua ikiwa imewapunguza watalii, na barua ya kumwombea ruhusa iandike mapema.