Wauza "kamshafti za resi", mnatuulia injini za watu!

Wakuu, mnisamehe, leo nina hasira. Mimi ni fundi pikipiki. Juzi nimefungua tena hedi (kichwa cha injini) ya pikipiki ya cc 150, dogo wa bodaboda aliuziwa "kamshafti ya resi" (kamshafti ni ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, hii eti ya mashindano) akaambiwa funga, washa, kimbiza. Valvu ya kuingizia imepinda, na juu ya pistoni kuna alama ya mwezi mchanga, imekaa kama muhuri. Muuzaji kapigiwa simu, jibu lake: "Fundi wako hajui kufunga." Kweli?

Boksi halina hata kikaratasi! Valvu inanyanyuka milimita ngapi? Nafasi ya tapeti, yaani mwanya kati yake na valvu, iachwe ngapi? Hakuna anayejua. Ukibana sana unaambiwa "nyuzi 280", yaani krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazunguka kiasi hicho valvu ikiwa wazi. Sawa, 280 zimepimwa tangu valvu inapoanza kuchungulia, au ikishafunguka milimita 1? Maana kamshafti hiyohiyo kwa kipimo cha pili inaweza kusoma 230 hivi. Bila hilo, 280 ni namba ya kupendezesha boksi tu.

Na mnamuuzia nani? Mtu anayepiga mshikaki na kupandisha mlima na magunia ya mkaa! Kamshafti inayoacha valvu wazi muda mrefu nguvu zake ziko juu kwenye mizunguko mingi. Huku chini valvu zote mbili zinakaa wazi kwa pamoja muda mrefu, hewa na mafuta vinavurugika, pikipiki inakosa pumzi. Ule mdundo ikiwa imesimama ndio vijana wanauita "moto". Moto gani, injini inapumua vibaya!

Bado springi. Za kiwandani zikiachwa, kwenye spidi kubwa valvu inachelewa kurudi, pistoni inaikuta njiani. Mwezi mchanga ule unatokana na hapo, au na nafasi kati ya valvu na pistoni ambayo hakuna aliyeipima. Kabureta na ekzosti hata sigusi.

Wabaya kuliko wote ni wanaosaga kamshafti kuukuu na kuiuza mpya. Wamekula duara la chini (upande wa mviringo usiosukuma valvu) ili pua (ile nundu inayoisukuma) ionekane ndefu, skrubu ya tapeti inaishia mwisho wa uzi, na ile ngozi ngumu ya chuma imeondoka. Baada ya muda pua inaanza kutoboka vishimo.

Kwa anayenunua: usikubali kufungiwa kabla fundi hajaweka plastisini juu ya pistoni, akafunga hedi, akazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kisha akapima unene uliobaki. Mimi sishuki chini ya milimita 1.5 upande wa kuingizia na 2 upande wa kutolea. Fundi akikucheka, chukua pikipiki yako uondoke.

Wauzaji mnaosoma humu, wekeni picha ya karatasi ya vipimo hapa chini. Na nyie mliouziwa boksi tupu leteni picha, jina la duka fichieni, mods wasije wakafuta uzi.