Mrejesho: Yale mawaridi yangu meupe, Tanga

Wakuu, habari za siku. Kabla ya masika niliuliza kwa nini mawaridi yangu matatu meupe, aina ya Iceberg, yanapata madoa meusi na kupukutisha majani. Nipo Raskazone, karibu kabisa na bahari. Nimerudi na majibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kumwagilia asubuhi, tena shinani tu. Mimi nilikuwa nayamwagia jioni juu ya majani, yanalala yamelowa, na kuvu wanapenda hivyo hivyo. Nikaokota majani yote yaliyoanguka nikayachoma, nikapunguza matawi ya katikati hewa ipite, nikaweka samadi iliyooza vizuri. Juu ya udongo nimetandaza makumbi ya nazi, maana hapa kwetu hayakosekani. Dawa ya kupulizia sikununua.

Miche miwili imepona na imejaa vishada vyeupe, hadi raha kukaa barazani. Madoa hayajaisha kabisa: mvua zikifululiza yanarudi kwenye majani ya chini, nayachuma mapema.

Wa tatu umekufa. Ulikuwa bondeni kando ya ukuta, maji yakatuama siku nyingi, mizizi ikaoza. Dada uliyeniambia niuhamishe kabla ya mvua, ulisema kweli. Nilichelewa na imeniuma. Nitapanda mwingine juu ya tuta.

Asanteni sana nyote, hasa mzee wa Muheza kwa maelezo ya kupogoa. Mungu awabariki.