Naomba ushauri: niwatetee vipi Waayalandi wasio na vibali Marekani?

Ndugu wanajamvi, ninaishi Boston, na wenzangu wa kazi za ujenzi wamenipangia kuzungumza kwenye mdahalo upande wa wanaotaka Waayalandi wasio na vibali wapewe njia yao maalumu ya kuhalalishwa.

Hoja zipo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990 iliwatengea viza 48,000 kwa miaka mitatu, zile zilizoitwa za Morrison kwa jina la mbunge aliyezipigania, kwa hiyo wanachokidai si kigeni. Shida yao pia ni ya kweli: seremala mmoja tunayefanya naye kazi alifuatilia mazishi ya baba yake huko Mayo, Ayalandi, kupitia simu, kofia ya kazi ikiwa kichwani, kwa sababu sheria ya 1996 humfungia mlango kwa miaka 10 anayeondoka baada ya kukaa bila kibali mwaka mmoja au zaidi.

Kinachonitatiza ni kwamba Mkenya na Mguatemala wanabanwa na kifungu hicho hicho, na hawana waziri mkuu anayekaribishwa Ikulu ya Washington kila Machi. Tena Ayalandi yenyewe, mwaka 2022, ilihalalisha wahamiaji waliokaa huko bila vibali miaka 4, au 3 kwa wenye watoto wadogo, bila kujali uraia wao. Mfano huo kwangu una uzito kuliko habari za ukoo wa Kennedy, wanasiasa wa Marekani wenye asili ya Ayalandi.

Je, niutumie mfano huo, au utauvunja upande niliopangiwa? Na nimjibu nini atakayesema kuwa wanapendelewa kwa sababu ya rangi?