Lenzi ya makro au lenzi ndefu kwa kereng'ende wa Amani?

Mpigapicha wa Tanga
Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, kutafuta kereng'ende wa vijito vya msituni, hasa wale wembamba ambao wengi wao hukunja mabawa mgongoni wanapotua. Fedha zinatosha lenzi moja tu: makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 au ndefu (ya kupigia kwa mbali) ya milimita 300. Ipi inafaa zaidi?

Mkazi wa Muheza
Ningechagua makro. Kereng'ende mwembamba ukimsogelea taratibu, ukichunga kivuli chako kisimpitie, mara nyingi hukuvumilia hata ukafika karibu sana. Hakikisha kamera iko sambamba na ubavu wake, kwa kuwa katika umbali huo sehemu inayotoka kwa ukali ni nyembamba mno, na ukimpiga kwa mshazari macho yatang'aa huku ncha ya mkia ikififia. Chini ya miti mikubwa mwanga ni hafifu, kwa hiyo beba flashi na kitambaa cheupe cha kuilainisha.

Bwawani
Ndugu, usiipuuze lenzi ndefu. Kwenye madimbwi ya wazi, dume mwekundu wa Trithemis arteriosa huruka kabla hujamkaribia, lakini ana desturi ya kurudi kwenye kijiti kilekile, hivyo ukiketi kwa utulivu na kukilenga kijiti hicho mapema, atakuja mwenyewe. Vivyo hivyo kwa Pantala flavescens, mhamaji ambaye watafiti wanaamini huvuka Bahari ya Hindi kutoka India na kufika kwetu wakati wa vuli: hushinda angani, na makro haimfikii.

Mkazi wa Muheza
Hoja ya Bwawani imenikumbusha jambo zito zaidi. Amanipodagrion gilliesi, kereng'ende mwembamba anayejulikana kutoka Usambara Mashariki pekee, yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na lava wa kereng'ende, yaani watoto wao, huishi majini. Nisingependa mtu yeyote akanyage kijito au avunje matawi ili apate picha ya karibu. Kwa hilo lenzi ndefu ina faida kubwa, kwani utabaki njiani.

Mpigapicha wa Tanga
Nawashukuru. Nitanunua ya milimita 300 pamoja na pete za kurefusha, zinazoiwezesha kulenga kwa karibu zaidi, na nitaanza alfajiri, wakati baridi bado inawazuia kuruka.