Tupeane uzoefu: unalea watoto wa watu nyumbani kwako, msaada wa serikali umekufikia vipi?

Mlezi wa Kona
Wadau, salaam. Jana mzazi mmoja amenipigia analia. Kaongezewa mshahara kidogo, amevuka kiwango cha kipato, ruzuku ya malezi imekatwa yote. Nyongeza yenyewe haifiki hata nusu ya ada ya mtoto. Sasa anafikiria kumwomba bosi aiondoe. Tuambizane: ruzuku, leseni, wakaguzi. Nini kilikubeba, nini kilikuumiza?

Mama Pacha
Nyongeza inayokutia umaskini! Yalinikuta hayo. Nakazia.

Sebule Darasa
Umenikumbusha mbali. Niko Marekani. Corona ilipotuachia watoto wachache, mwaka 2021 bunge lilitenga dola bilioni 24 za kuwanusuru wanaotoa huduma ya malezi, na sisi wa majumbani tukahesabiwa pamoja na vituo vikubwa. Nililipa kodi ya nyumba bila kukopa, nikaajiri dada wa kunisaidia. Septemba 2023 fungu likafika mwisho. Ada sikuweza kupandisha, maana wazazi wa watoto ninaowalea ni wafanya usafi na wasaidizi wa wauguzi. Dada akaenda ghala la mizigo kunakolipa zaidi, watoto wakawa wanamuulizia kila asubuhi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kulipwa kwa mahudhurio. Mtoto akipata homa akabaki kwao, ruzuku ya siku hizo silipwi, na nafasi yake siwezi kumpa mwingine. Kodi na umeme vinaendelea kama kawaida. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni: majimbo yalipe mapema, yalipe kwa mtoto aliyeandikishwa hata asipofika, na mchango wa mzazi usizidi asilimia 7 ya kipato cha familia. Nilipoisoma nilishukuru Mungu. Majimbo mengi yakaomba muda wa ziada. Mimi bado nasubiri malipo ya mwezi uliopita.

Mlipakodi
Nauliza kwa nia njema. Kwa nini kodi yangu imlipe mtu anayekaa nyumbani kwake? Bibi zetu walilea bila fungu lolote.

Mama Pacha
Bibi alilea wajukuu zake. Hakulea watoto wa familia tano mpaka usiku, akiwa na leseni, kizima moto ukutani na alama za vidole polisi. Na hao wazazi ndio wanaokupima presha ukilazwa.

Mlipakodi
Hujajibu swali.

Mama Pacha
Nimejibu. Soma tena.

Mwana wa Bandari
Huku Ufaransa tangu sheria ya 1977 kulea watoto nyumbani kwako ni kazi yenye hadhi yake. Mzazi ndiye mwajiri wangu, tuna mkataba, nina likizo ya malipo, na serikali inamfidia yeye sehemu ya gharama. Ila mzazi akiyumba nami nayumba. Kuna aliyehama na mshahara wangu wa mwisho.

Nafasi Moja
Mnisamehe, nitaandika ndefu, hili sijawahi kulisema.

Mkaguzi aligonga watoto wakiwa wamelala mchana. Akawahesabu mmoja mmoja kwenye magodoro, kisha akamhesabu na mwanangu aliyekuwa amerudishwa kutoka shule akiumwa. Akasema nimezidi idadi ya leseni, niwapigie wazazi waje palepale. Nikamwambia kanuni haimhesabu mtoto wa umri wa mwanangu. Hakutaka kusikia. Mama mmoja alikuwa zamu kiwandani, kule simu zinaachwa getini. Mtoto wake akakaa kwenye kochi na begi mgongoni, hataki kulivua, ananiuliza kama amefanya kosa.

Ruzuku ikasimamishwa kusubiri rufaa. Rufaa nikashinda. Lakini yule mama alishaacha kazi kwa kukosa pa kumwacha mtoto, wakahama. Sijui waliko.

Mama Pacha
Mungu wangu. Pole sana dada.

Mwana wa Bandari
Hapo kwenye begi nimeshindwa kuendelea.

Fundi Chuma
Ndiyo maana mke wangu namwambia asijisajili. Lea wachache, kimya kimya, lipwa taslimu.

Sebule Darasa
Usiwapotoshe watu, ndugu yangu. Mtoto akiumia huna leseni, bima gani itakusimamia? Na mzazi mwenye ruzuku hataweza kukuletea mtoto. Mlio Marekani, ulizieni pia mpango wa serikali kuu unaorudisha gharama za chakula kwa walezi wa majumbani, wengi hawaufahamu.

Mlezi wa Kona
Mmoja mmoja hatusikilizwi. Colombia akina mama wanaolea watoto wa jamii majumbani mwao walidai haki zao miaka na miaka, na mwaka 2014 wakaanza kupata mikataba na mshahara wa kima cha chini. California mwaka 2019 ilipitishwa sheria inayowaruhusu walezi wa majumbani kujadiliana na serikali kupitia chama chao.

Mlipakodi
Hiyo ya mtoto wa Nafasi Moja kuhesabiwa si haki. Nimeielewa.

Mama Pacha
@Nafasi Moja, rufaa uliandika mwenyewe au ulitafuta wakili? Yangu mwisho ni Ijumaa.

Nafasi Moja
Mwenyewe. Niliambatanisha daftari la mahudhurio lenye saini za wazazi, na ukurasa wa kanuni unaotaja umri nikaupigia mstari. Njoo inbox nikutumie nakala leo hii, usingoje Alhamisi.